Sony kuleta gemu zao kwenye PC: karabai imewaka, wavu uko wapi?

#1 Mgebuka Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Nipo Mwanga hapa Kigoma, umeme umerudi sasa hivi, nina kikombe cha chai na nasubiri kitu kishuke kwenye kompyuta. Nikaona bora niandike jambo ambalo limenikaa kichwani muda mrefu. Ni refu. Mwenye haraka apite, mwenye muda avute kigoda.

Kwa wasionijua: nina kibanda cha gemu. PS4 mbili (PlayStation 4, mashine za gemu za Sony), TV mbili, mabenchi, mechi moja mia tano. Nyuma ya pazia nina steshenari ndogo, kompyuta moja ya mtumba, printa na mashine ya kopi. Mchana kompyuta inachapa barua za maombi ya kazi na kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa. Usiku ni yangu. Ni Dell ile nyembamba ya maofisini, nikaipachika kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti, ile fupi, maana ndefu haiingii hata ukiipiga rungu.

Kwenye hiyo Dell ndipo nilipocheza God of War la 2018. Kwenye PS4 lilitoka Aprili 2018, PC, yaani kompyuta, likaja Januari 14, 2022. Nililivizia kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, mpaka bei ikashuka kama dola 20, nikalipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, nikalishusha kwa bando la usiku siku tatu, kwa sababu linataka nafasi ya GB 70.

Sasa sikilizeni. Nimekulia kwenye PS2. Nimelala njaa kwa ajili ya PS2. Lakini hizo dola 20 ndizo pesa za kwanza maishani mwangu kulipia gemu la Sony kihalali. Tuseme ukweli, PS2 zote tulizochezea Mwanga na Ujiji zilikuwa zimechipiwa, yaani zimewekewa chipu ya kusoma diski feki, na diski zilikuwa za kuchonga. PS4 zangu mbili nilizinunua mkononi mwa mtu. Sony hakuona hata senti. Sisi tulianza kumlipa siku alipoleta gemu zake PC, na hata hapo aliyezipokea kwanza mlangoni ni Valve, mwenye Steam, siyo yeye.

Hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kufuatilia huu mpango wao.

Kwa miaka mingi ukitaka gemu kubwa la Sony ulinunua mashine ya Sony, mjadala umekwisha. Mwaka 2020 wakaufungua mlango kidogo. Death Stranding likaja PC Julai (huku PC lilitolewa na 505 Games), Horizon Zero Dawn likafuata Agosti. 2021 Days Gone, na Julai ya mwaka huohuo wakainunua Nixxes, kampuni ya Uholanzi yenye ujuzi wa kuhamishia gemu kwenye PC. Mtu haajiri fundi cherehani wa kudumu kwa suruali moja. Hapo nikajua hawa hawajaja kutembea.

Mei 2022 Jim Ryan, bosi wa PlayStation wakati ule, akawaonyesha wawekezaji hesabu. Mwaka wa fedha 2020 PC iliwaingizia dola milioni 35. Uliofuata, milioni 80. Wa 2022 wakatarajia milioni 300. Horizon peke yake ilikuwa imeshauza nakala milioni 2.4 huku PC.

Na pesa hizo wanazihitaji. Juni 2023, kwenye kesi ya Microsoft na FTC, tume ya biashara ya Marekani, Sony walipeleka nyaraka ambazo namba za siri zilifutwa kwa peni nyeusi. Peni haikushika. Watu wakazisoma vizuri tu: The Last of Us Part II liligharimu kama dola milioni 220, Horizon Forbidden West milioni 212. Ukitumia pesa hiyo kwenye gemu moja huwezi kulala unamtegemea mteja wa aina moja.

Lakini subiri. Milioni 300 kwa Sony ni nini? Kitengo chao cha gemu mwaka huohuo wa fedha kiliuza yen trilioni 3.6. PC hapo ni kama asilimia moja. Ni chenji ya daladala. Sasa wanahangaikia nini?

Jibu alilitoa Hermen Hulst, mmoja wa mabosi wapya wa PlayStation, mwaka 2024. Gemu za mtandaoni, zile zisizo na mwisho, zitatoka PS5 na PC siku moja. Gemu za hadithi za mtu mmoja zitakuja PC baadaye, lengo likiwa mtu wa PC azipende, kisha atamani sehemu ya pili mapema, akanunue PlayStation.

Watu wa Kibirizi na Katonga mmeshaelewa. Hiyo ni karabai. Usiku wa giza unawasha taa juu ya maji, dagaa wanapanda kuifuata, wavu uko chini umetulia. Taa haiuziwi dagaa. Taa ni gharama ya mvuvi.

Tatizo langu ni hili. Karabai ya Sony imeangaza mpaka huku. Nimeiona, nimepanda mpaka juu. Wavu haupo! PSN, mtandao wao wa akaunti, kwa Afrika iko Afrika Kusini. Tanzania haimo kwenye orodha ukifungua akaunti. Halafu God of War Ragnarök, yaani hiyo sehemu ya pili yenyewe, ilipofika PC Septemba 19, 2024, ikadai akaunti ya PSN. Gemu la mtu mmoja! Na kwenye nchi zisizo na PSN halikuwekwa sokoni wakati ule. Dagaa tulijaa juu ya maji, mvuvi akatupiga na kasia turudi chini.

Ninavyoona mimi, mpango wao umechorwa kwa mtu ambaye tayari anaishi jirani na duka la PlayStation. Kwetu PC siyo njia ya kwenda PlayStation. Kwetu PC ndiyo mwisho wa reli.

Karibuni mnipinge.

#2 Kaa la Moto

Nimetandika mkeka. Endeleeni.

#3 Mnyamwezi wa Isevya

Mkuu Mgebuka, umeandika vizuri ila nitakupinga, na siyo kwa sababu ya utani wa Tabora na Kigoma.

Unaongea kama Sony wamekosea kwa kutufungia sisi. Mimi nasema wamekosea kwa kwenda PC kabisa. Angalia hesabu ya mwenye nyumba na mpangaji. Kwenye PlayStation Sony ni mwenye nyumba. Ukinunua gemu la kampuni nyingine kwenye duka lake, asilimia 30 ni ya kwake, amelala. FIFA yako, Call of Duty yako, nguo za Fortnite, zote zinamwachia chake. Mashine ya PS5 yenyewe mwanzoni waliiuza kwa hasara, wakaja kusema 2021 kwamba ile ya dola 499 haina hasara tena. Hasara hiyo ilikuwa kodi ya kukuingiza kwenye nyumba.

Kwenye Steam Sony ni mpangaji. Valve anakata asilimia 30. Gemu likishauza zaidi ya dola milioni 10 anakata 25, likivuka milioni 50 anakata 20. Sawa, kwa gemu kubwa ni 20. Lakini siyo hiyo inayouma. Inayouma ni kwamba yule mteja akimaliza God of War, gemu lake linalofuata atalinunua palepale kwa Valve, na Sony hapati hata harufu.

Umempeleka mteja wako kwa jirani, ukamwonyesha na kochi la kukalia.

#4 Mgebuka Mkavu

Mkuu wa Isevya, hesabu yako ni safi kwa mtu ambaye angenunua PS5. Mimi nisingenunua! Wananipoteza vipi wakati hawajawahi kunipata?

PS5 huku kwetu ikishapita mikononi mwa madalali watatu inafika bei ya pikipiki ya mtumba. Na PS5 haichapi barua ya maombi ya kazi. Dell yangu ilijilipa kwa kopi za mia mia kabla sijaweka gemu hata moja.

#5 Mwalimu wa Kasulu

Habari za humu ndani. Mimi nafundisha TEHAMA huku Kasulu, na nacheza gemu pia, wanafunzi wangu hawajui, naomba ibaki hivyo.

Mleta uzi ameruka kisa chenye funzo kubwa kuliko Ragnarök. Ni Helldivers 2. Hilo lilitoka Februari 8, 2024, PS5 na PC siku moja. Limetengenezwa na Arrowhead wa Sweden, Sony ndiye mtoaji. Bei dola 40. Ndani ya wiki 12 likauza nakala milioni 12, hakuna gemu la PlayStation lililowahi kwenda kasi hivyo. Kwenye Steam kuna wakati watu zaidi ya 450,000 walikuwa ndani kwa mpigo.

Tangu mwanzo ukurasa wa Steam ulisema akaunti ya PSN inahitajika. Ila seva zilizidiwa siku za kwanza, wakakiondoa kile kipengele kwa muda. Watu wakazoea kuingia bila akaunti. Mei 3 Sony wakatangaza kwamba sasa lazima kila mtu aunganishe. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba gemu lilikuwa limeuzwa hata kwenye nchi ambazo PSN haipo. Mtu amelipa dola 40, amecheza miezi mitatu, unamwambia aonyeshe kitambulisho ambacho nchi yake haitoi.

Wikiendi ile Steam ilichafuka. Maoni mabaya yalizidi 200,000. Gemu likaondolewa sokoni kwenye nchi 177. Ilipofika Mei 6 Sony wakarudi nyuma, wakasema sharti limefutwa, na kwamba bado wanajifunza nini kinawafaa wachezaji wa PC. Lakini angalieni: sharti lilifutwa, nchi 177 hazikurudishwa siku ile. Yaani aliyekuwa ndani akabaki ndani, aliyekuwa nje akabaki nje.

Kwa hiyo karabai ya Mgebuka naikubali, ila naongeza. Helldivers 2 halikuwa taa. Lilikuwa samaki mwenyewe. Gemu la aina hiyo halihitaji umvute mtu kwenye PlayStation, pesa iko hapohapo alipo. Walichotaka pale ni akaunti, wajue mchezaji ni nani na wamhesabu kama wa kwao.

#6 Dogo wa Ujiji

Samahani wakubwa, PSN ndiyo nini? Mimi nacheza PS4 kwa Mgebuka na sijawahi kuulizwa akaunti.

#7 Mgebuka Mkavu

Dogo, huulizwi kwa sababu nimeshaingia mimi. PSN ni kama namba ya simu ya kwenye PlayStation. Bila hiyo huchezi na mtu aliye mbali, hununui kitu dukani. Watanzania wengi wenye akaunti wameandika kwamba wanaishi Afrika Kusini, Marekani au Uingereza. Ukipita mitaa ya Mwanga kwa hesabu za PSN utadhani upo Johannesburg.

Na bado una deni langu la mechi nne za Jumamosi.

#8 Kaa la Moto

😂😂 Mwanga ya Johannesburg.

#9 Mnyamwezi wa Isevya

Mwalimu, shikamoo. Umenena. Lakini mmetaja Helldivers 2 mkanyamaza kuhusu Concord. Mpango uleule, siku moja PS5 na PC, bei ileile dola 40. Likatoka Agosti 23, 2024, likazimwa Septemba 6. Wiki mbili! Watu wakarudishiwa pesa, na Oktoba studio iliyolitengeneza ikafungwa. Mahindi yanachukua muda mrefu zaidi kukomaa.

Na nimerudi na kitu kingine. Mgebuka anasema taa inavuta. Haya tuangalie kama inavuta kweli, kwa namba za watu waliokuwa ndani kwa mpigo kwenye Steam siku za kilele. God of War la kwanza, kama 73,000. Ragnarök, kama 35,000. Spider-Man la kwanza, kama 66,000. Spider-Man 2, kama 28,000.

Sehemu ya pili inapata nusu au chini ya nusu. Kama taa ingefanya kazi, wale 73,000 ama wangekuwa wameshanunua PS5 au wangekuwa wanasubiri mlangoni siku Ragnarök linafika. Kwa maoni yangu walichoka, wakaangalia hadithi nzima YouTube, wakaendelea na maisha. Hiyo taa inaishiwa mafuta.

#10 Mgebuka Mkavu

Hapo umenigusa, na nimekaa nalo muda kabla ya kujibu. Umeme ulikatika pia, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kufikiri.

Namba zako sizipingi. Napinga unavyozisoma. Wewe unasema watu walichoka. Mimi nasema kuna mambo matatu yamechanganyika hapo na ukiyatupa kwenye sufuria moja huwezi kujua kipi kimeharibu mchuzi.

Moja ni hilo la akaunti. Sehemu ya kwanza ya God of War haikudai PSN, ya pili ikadai. Hata mtu wa Marekani mwenye akaunti alikasirika. Sasa toa na nchi zote ambazo gemu halikuuzwa kabisa. Sisi tuliokuwa hatuuziwi tungeonekanaje kwenye hizo namba?

La pili ni kazi mbovu. Machi 28, 2023 walileta The Last of Us Part I kwenye PC. Mfululizo wa TV ulikuwa umemalizika wiki chache tu nyuma, watu wana hamu, hawajawahi kuwa na nafasi nzuri kama ile. Likaja linazima lenyewe, linatafuna kumbukumbu, na kabla ya kucheza unakaa kulisubiri lijiandae muda wa kupika maharage. Ilibidi watoe marekebisho wiki baada ya wiki. Mteja wa PC akishaungua hivyo, gemu linalofuata anasubiri. Anasubiri marekebisho, anasubiri na bei ishuke. Hawezi kuonekana kwenye kilele cha siku ya kwanza. Mimi mwenyewe sijawahi kununua kitu siku ya kwanza tangu nizaliwe.

La tatu ndilo lako, kuchelewa. Hilo nakupa. Ghost of Tsushima lilikaa karibu miaka minne, Julai 2020 mpaka Mei 2024. Samaki wa miaka minne hata ukimwita mgebuka ni mkavu kama mimi. Ila angalia wanavyopunguza: Forbidden West miaka miwili, Ragnarök miezi 22, Spider-Man 2 miezi 15. Wanajua.

Sasa nikwambie nilichokiona kwa macho yangu, siyo kwenye chati.

Nilipokuwa nacheza God of War usiku, nilikuwa nimefunga kibanda, taa moja tu. Siku ya pili vijana watatu wakagonga, wameona mwanga kwenye upenyo wa bati. Nikawafungulia wakakaa chini kwenye boksi la karatasi za A4. Siku ya nne walikuwa tisa. Mmoja anaelewa Kiingereza, akawa anatafsiri kwa sauti nzito kama wale wa filamu za kutafsiriwa vibandani. Kratos akimwita mwanae "boy", huyu anasema "we dogo!" na nyumba nzima inacheka. Baba asiyejua kuongea na mwanae, wamebeba majivu ya mama kwenda kuyamwaga mlimani. Ndani mle kuna mtoto mmoja mama yake alifariki mwaka juzi. Alikuwa anakaa mbele kabisa, haongei.

Sikuwatoza kitu. Gemu la hadithi halina biashara kibandani, hakuna wa kulipa mia tano amwangalie mwenzake anatembea msituni. Ila lilipoisha, swali la kwanza lilikuwa: "Sehemu ya pili iko wapi?"

Hapo ndipo alipotaka Hulst! Alilenga kijana aulize swali hilo hilo, kwa sauti hiyo hiyo. Taa ilifanya kazi asilimia mia, kwenye banda la bati Mwanga, kwa vijana tisa. Na jibu langu lilikuwa, haliuzwi kwetu. Unadhani walikwenda kununua PS5? Wiki iliyofuata mmoja alikuja na flashi, limechakachuliwa, amelipata kusikojulikana.

Kwa hiyo usiniambie taa haivuti.

#11 Chura wa Malagarasi

Nintendo hawana habari na haya yote. Gemu zao kubwa za Mario na Zelda hawazileti kwenye PC, mashine yao ya Switch 2 ilitoka Juni 2025 na watu wakapanga foleni. Ukiwa na kitu chako, kaa nacho. Nimemaliza.

#12 Mnyamwezi wa Isevya

Chura kasema neno langu kwa maneno machache kuliko mimi.

Mgebuka, kisa chako kimenigusa, sikufichi, nimemsomea na shemeji yako hapa. Ila kisa ni kisa. Vijana tisa wa Mwanga hawalipi dola milioni 220.

#13 Mwalimu wa Kasulu

Marahaba mdogo wangu wa Isevya. Sasa niwatenganishe kidogo.

Tatizo la kumfananisha Sony na Nintendo ni gharama. Nintendo hashindani kwenye gemu la milioni 200. Na tatizo la kumfananisha na Microsoft, ambaye mtakuja kumtaja, ni kwamba Microsoft ana Windows. Tangu 2016 alivyoanza kutoa gemu zake kwenye mashine yake ya Xbox na PC pamoja, hakuwa anakwenda ugenini, alikuwa anatoka sebuleni kwenda uani. Baadaye akaenda mbali zaidi. Forza Horizon 5 liko PS5 tangu Aprili 2025. Aliyenunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7 hawezi kuuzia wenye Xbox peke yao.

Sony yuko katikati. Hana Windows, na hana roho ya Nintendo. Agosti 2025 hata Helldivers 2 akalipeleka Xbox. Ukiniuliza, ile mipango yao miwili siku hizi inaonekana waziwazi kuwa miwili: gemu la mtandaoni liende popote penye watu, gemu la hadithi likae nyumbani kwanza. Mkichanganya hayo mawili ndipo mnapobishana usiku kucha.

Halafu kuna habari ambayo mleta uzi hakuitaja, sijui kwa makusudi. Mwishoni mwa Januari 2025 Sony walitangaza kwamba kwenye baadhi ya gemu za PC akaunti ya PSN ni hiari. Walizitaja: Spider-Man 2, Ragnarök, The Last of Us Part II Remastered na Horizon Zero Dawn Remastered. Ukiingia na akaunti unapewa zawadi, mavazi na vitu vidogo vya ndani ya gemu. Usipoingia unacheza hivyohivyo. Walitoka kwenye fimbo wakaenda kwenye pipi.

#14 Mgebuka Mkavu

Mwalimu, sikuificha, nilikuwa naitunzia mwisho ukaniwahi.

Hilo la hiari ndilo linaloonyesha kwamba sikosei. Kama akaunti ingekuwa wavu wa kweli wasingeukata wenyewe. Walikuta unawafukuza dagaa.

Na Mnyamwezi, sawa, vijana tisa hawalipi milioni 220. Lakini usifanye kama sisi ni hasara. Gemu likishahamishwa PC, kuliuza Kigoma hakuongezi gharama yoyote. Hakuna meli, hakuna ghala, hakuna dalali wa Kariakoo. Bei kwetu inasoma kwa dola, kama mtu wa Chicago, hatujapewa hata punguzo la wanyonge. Kila nakala inayouzwa huku ni faida tupu juu ya kazi iliyokwisha kufanywa. Kukataa pesa hiyo kwa sababu ya fomu ya akaunti, hata mama muuza mawese wa Gungu atakushangaa.

#15 Dogo wa Ujiji

Kaka Mgebuka, sasa hapo kwenye kompyuta unashusha nini?

#16 Mgebuka Mkavu

Helldivers 2, dogo. Kuna jamaa yupo Dar alinunua zamani kabla ya vurugu za Mei 2024, ameniachia akaunti yake ya Steam nijaribu wakati yeye yuko safarini.

Na hili nalo niliseme kwa sababu ni la watu wa bando. Helldivers 2 kwenye PC lilikuwa limefika GB 154. Kwenye konsoli, yaani PS5 na Xbox, lilikuwa dogo mno kuliko hapo. Sababu ilikuwa nini? Walirudiarudia mafaili yaleyale mara nyingi ndani ya gemu ili watu wenye hard disk za kizamani, zile zinazozunguka, wasisubiri sana. Baadaye wakapima wakakuta muda mwingi wa kusubiri unatokana na gemu kutengeneza ramani yenyewe, siyo kusoma mafaili. Desemba 2025, wakisaidiana na wale Nixxes wa Uholanzi, wakalipunguza mpaka kama GB 23.

154 mpaka 23! Mkuu wa Isevya, unajua GB 131 ni usiku ngapi wa kukesha huku mwisho wa reli? Hakuna aliyetuma barua kutoka Kigoma kuwaomba. Lakini hicho ndicho kitu kikubwa kuliko vyote walichonifanyia kwenye PC, na sidhani kama kwenye vikao vyao vya mkakati kuna aliyekiita mkakati.

Ipo asilimia 61. Umeme ukikatika Steam huwa inaendelea ilipoishia, hiyo adabu naipenda.

#17 Mnyamwezi wa Isevya

Hapo kwenye GB sina ubishi. Nimewahi kuunguza bando la mwezi mzima kwa gemu ambalo mwisho wa siku lilikataa kufunguka.

Bado nasema wanapeleka kochi kwa jirani.

#18 Mgebuka Mkavu

Na mimi bado nasema jirani ndiye anayekaa karibu na kwetu. Njoo Kigoma na asali, nitakupa migebuka, tumalizie barazani.

#19 Fundi Kigodoro

Wakuu nimesoma uzi wote kuanzia juu, nina swali la kizembe. Pedi ya PS4 inakubali kwenye kompyuta? Nina moja imebaki, mashine yenyewe ilikufa.

#20 Mgebuka Mkavu

Inakubali. Chomeka kwa USB, fungua Steam, ingia kwenye mipangilio ya pedi, washa sehemu ya pedi za PlayStation. Kama kompyuta ina bluetooth unaweza kutumia bila waya, ila yangu haina.

Angalia waya uwe wa kupitisha data, siyo wale wa kuchaji tu. Nilihangaika nusu saa nikitukana pedi, kumbe waya niliutoa kwenye spika ya mteja.

#21 Fundi Kigodoro

Imekubali. Asante mkuu. Waya wa kwanza uligoma kweli.